Re: Kioo kinazima nikipiga simu, hakiwaki tena

Pole mkuu. Unasema ukipiga simu tu kioo kinakuwa cheusi, na hata ukiitoa sikioni hakiwaki mpaka wa upande wa pili akate. Usikubali kubadilishiwa kioo kwanza, ni hela nyingi bure.

Kuzima penyewe si ubovu. Juu ya kioo, jirani na spika ya sikioni, simu nyingi zina sensa inayotoa mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga ukigonga shavu na kurudi, simu inajua iko sikioni, inazima kioo usije ukakata kwa shavu. Kitu chochote kikiiziba, simu inadhani bado iko sikioni.

Na huku kwetu Mbeya kiangazi, vumbi linajibana pale pale kwenye ukingo wa protekta. Ukiinamisha simu juani utaona mstari wa kahawia. Hiyo protekta uliyobandikiwa juzi Mwanjelwa ndiyo naishuku zaidi, maana nyingine hazina tundu la sensa. Ibandue kabisa, futa kwa kitambaa laini kikavu, halafu piga simu ujaribu kuiziba na kuifungua sensa kwa kidole. Kava nalo litoe.

Kama ni Samsung, piga *#0*#, kwa nyingi inafungua ukurasa wa kupima sensa.

Ikigoma, zima na kuwasha. Ikigoma tena, mwambie fundi apime sensa yenyewe, hasa kama simu iliwahi kuanguka au kufunguliwa. Kwa sasa tumia spika za masikioni za waya, kwenye simu nyingi sensa haitazima kioo.