Seli shina kwa sirosisi: msiuze shamba bado

Mkuu, umeuliza hivi: mjomba wako ana sirosisi (ini kujaa makovu) iliyotokana na homa ya ini B, tumbo limejaa maji, na kliniki moja ya nje imewatumia bei ya "kozi ya seli shina", yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, ikiahidi ini litaota upya. Shamba liuzwe au lisiuzwe? Poleni sana. Kaka yangu nimemuuguza kwa ugonjwa huohuo miaka kadhaa, na kliniki za namna hiyo tumeongea nazo. Mimi si daktari, naeleza niliyoyaona na niliyoyasoma.

Jibu langu: kwa sasa lisiuzwe. Kwenye maelezo yako marefu yote sijaona popote ulipotaja kama mjomba anameza dawa za virusi. Hapo ndipo pa kuanzia.

Ini lina uwezo wa kujiotea lenyewe. Mtu mwenye ini zima akikatwa hata theluthi mbili, lililobaki hukua na kukaribia ukubwa wake wa awali ndani ya wiki hadi miezi. Ndiyo maana mtu hai anaweza kumgawia mgonjwa kipande. Kwa mwenye sirosisi, uwezo huo umebanwa na makovu, na kinacholeta makovu, kiwe virusi, pombe au mafuta yaliyojaa kwenye ini, mara nyingi bado kinaendelea. Kumwaga seli mpya humo bila kukizuia ni kupanda miche shamba likiwa bado linaungua.

Halafu hizo seli zenyewe. Zinazouzwa sana ni za aina ya mesenkaima, zinazotolewa kwenye uboho, mafuta ya mwili au kiungamwana (kamba ya kitovu) cha mtoto aliyezaliwa. Dalali wa kliniki atakwambia zinageuka kuwa seli za ini. Si hivyo. Zikipitishwa kwenye mshipa wa mkono, nyingi hunasa kwanza kwenye mapafu na hazidumu. Watafiti wanategemea zaidi kemikali zinazotoa, zile za kutuliza uvimbe na kuamsha seli za ini zilizopo.

Je, inafanya kazi? Kuna dalili, hazitoshi kuuzia shamba. China walichapisha mwaka 2017 utafiti wa wagonjwa 110 wa homa ya ini B ambao ini lilikuwa limezidiwa ghafla: waliofika wiki ya 24 wakiwa hai ni kama 73% kwa waliopewa seli, dhidi ya 56% kwa wasiopewa. Ni tofauti kubwa, lakini kila mtu, daktari na mgonjwa, alijua nani kapewa nini. Na ini kufeli ghafla si hali moja na sirosisi ya miaka mingi. Uingereza nao walichukua wagonjwa 81 wa sirosisi, wengine wakapewa dawa ya kusukuma seli kutoka kwenye uboho, wengine dawa hiyo pamoja na seli zao wenyewe, na wengine matibabu ya kawaida tu. Matokeo ya 2018: ini halikuboreka kuliko kwa wale wa matibabu ya kawaida, na waliopewa seli ndio waliopata matatizo makubwa mara nyingi zaidi. Kliniki iliyowatumia bei imewatajia utafiti huo? Waulizeni.

Edinburgh wana njia nyingine. Wanatumia makrofaji, yaani seli za ulinzi zinazokuzwa kutoka kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe. Ripoti yao ya kwanza, 2019, ilikuwa ya watu 9 na lengo lilikuwa usalama. Japani mwaka 2020 walitangaza kwamba kichanga aliyeshindwa kuondoa amonia mwilini aliwekewa seli za ini zilizotengenezwa kutokana na seli shina za kiinitete. Zilimvusha tu hadi alipokua vya kutosha kupandikizwa kipande cha ini la baba yake. Hata kule kwa mabingwa, seli zilikuwa daraja.

Sasa dalali. Yule wetu alitutumia picha mbili za mgonjwa: ya kwanza tumbo limetuna hadi kitovu kimetokeza, ya pili tumbo bapa, chini imeandikwa "baada ya seli shina". Nikamwuliza maji yalitolewa kwa sindano au hayakutolewa. Akakwepa. Nilishaona kaka akitolewa maji: sindano ubavuni, mpira, chupa zinajaa moja baada ya nyingine, na jioni ileile suruali inamvuka. Picha kama hizo ningeweza kumpiga mimi mwenyewe, asubuhi na jioni. Nilipoomba orodha ya vitu vyote vilivyo kwenye kozi, ikaja na albumini (protini ya damu) ya dripu na spironolaktoni, dawa ya kukojoza maji. Hizo ni dawa za kawaida za sirosisi ambazo wodi yoyote ya ini inazo! Mgonjwa akipata nafuu, sifa zinapewa seli.

Kilichonitisha kabisa ni kututaka tusimamishe dawa za virusi "ili zisiue seli". Mwenye homa ya ini B akizikata ghafla, virusi vinaweza kulipuka, na kwa ini lililochoka mlipuko huo unaweza kuua. Mtu akiwaambia hivyo, kateni simu.

Kaka alibaki kwenye tenofoviri, dawa ya virusi vya homa ya ini B, chumvi ikapunguzwa, maji yakatolewa kila yalipojaa, na polepole yakaacha kurudi. Si muujiza. Utafiti uliochapishwa 2013 uliwafuatilia watu kwenye dawa hiyo kwa miaka 5, na kati ya 96 walioanza wakiwa na sirosisi, 71 makovu yalikuwa yamepungua hadi hawakuhesabiwa tena kuwa nayo. Tahadhari: ini la wale lilikuwa bado linamudu kazi. Mjomba mwenye maji tumboni yuko hatua mbaya zaidi, kwa hiyo mwulizeni daktari mapema kuhusu kupandikizwa ini, na ultrasaundi ya kuangalia saratani ifanywe kila miezi 6.

Bado mnataka kujaribu seli? Tafuteni utafiti wa hospitali ya kufundishia, wenye kundi la kulinganisha na kibali cha kamati ya maadili, na ambao mgonjwa halipii seli. Kuwa na namba kwenye orodha ya majaribio ya kimataifa hakutoshi, maana hata wanaouza wanajiorodhesha.

Kwa sasa, leta hapa majibu ya vipimo vyake vya damu: wingi wa virusi, bilirubini, INR (kipimo cha damu kuganda), kreatinini (ya figo), sodiamu na albumini. Ficha jina lake. Kama hajawahi kupimwa wingi wa virusi, aende wiki hii.