Wati 12 au wati 22: ipi itahimili dansi?

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ndogo hapa Masasi. Msimu wa korosho ukiingia tunaitwa harusini mpaka Newala na Tandahimba. Kuna mtu ananiuzia amplifaya mbili za vali, zote zimeundwa kwa kuiga Fender za zamani: moja mtindo wa Deluxe ya miaka ya 1950, wati 12, nyingine mtindo wa Deluxe Reverb, wati 22. Zote zina vali mbili za 6V6 na spika ya inchi 12. Naipenda sauti ya kukwaruza, ila bendi yetu ni ya dansi. Hizo wati 10 za ziada zinasikika kweli?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wati zenyewe hazisikiki kama unavyodhani. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sikio litatambua, lakini mpiga dramu wako wala hatageuka. Sauti ionekane imekuwa maradufu, unahitaji kama mara 10 ya wati. Ulizia zaidi sauti inaanza kupasukia wapi, yaani inaanza kukwaruza nobu ikiwa wapi.

Hiyo ya wati 12 hupasuka mapema. Umeme wake unapita kwenye vali ya 5Y3, inayougeuza kutoka AC kuwa DC, na ukicharaza kwa nguvu volti zinashuka kidogo kisha zinapanda. Ndiyo maana noti inaingia kwa ulaini halafu inavimba. Tena haina ule waya unaorudisha sehemu ya sauti nyuma ili kuisafisha. Nobu zake zimeandikwa mpaka 12, zisikudanganye: ukipita 4 au 5 sauti haiongezeki sana, inanenepa tu na kukwaruza. Jaribu hiki kichekesho: ina pande mbili za kuchomeka, kila mmoja na nobu yake ya sauti; chomeka gitaa upande mmoja, halafu zungusha nobu ya upande usioutumia. Sauti yako itabadilika, maana nobu hizo mbili zimeshikana ndani. Mimi naipenda mno, hasa kwa wimbo wa polepole au kurekodi chumbani.

Lakini sebene linataka kila noti isikike peke yake, na hapo ndipo itakuangusha. Besi ikiingia na ngoma zikichanganya utapandisha sauti, na mkwaruzo utakuja usipoutaka.

Deluxe Reverb ilitoka 1963. Hiyo ina waya wa kusafisha sauti, na vali zake za mwisho, zile 6V6, zinalishwa volti kubwa zaidi, kwa hiyo akiba ya sauti safi ni ndefu. Si ya kujazia uwanja, hapana. Nayo ukiisukuma itakwaruza, ila utakuwa umeshapata nafasi ya kutosha ukumbini. Sauti yake ya kati imepunguzwa kidogo. Wapigaji wengine huiona baridi.

Ushauri wangu: chukua ya wati 22, mkwaruzo uutafute kwa pedali. Kabla ya kulipa, angalia spika. Spika ya desibeli 100 kwa wati moja dhidi ya ya desibeli 97 ni sawa na kukuzidishia wati mara mbili bila kugusa amplifaya. Ukumbi ukiwa mkubwa, weka maikrofoni mbele yake, ipeleke kwenye mikisa.

Muulize muuzaji transfoma ni ya volti ngapi. Ikiwa ya Marekani ni 120, na kwetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja utanunua moshi. Na kama ilikaa pwani, angalia soketi za vali. Niliwahi kupokea moja kutoka Mikindani, vishikio vyake vilikuwa vya kijani kwa chumvi, mteja akadhani vali zimekufa.

Kufungua nyuma uniachie mimi au fundi mwingine. Kapasita zake, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na volti mia tatu na zaidi hata plagi ikiwa mkononi mwako.