Anza na tabaka moja la maji

Makala yangu kuhusu mikondo ya bahari kwenye ikweta imekubaliwa na jarida, na tangu niitangaze habari hiyo vijana wananiuliza: nikitaka kuiga bahari kwa kompyuta, nianze na programu gani? Anza na karatasi na kalamu.

Wakati naingia fani hii, wenzangu walikimbilia modeli kubwa zenye matabaka mengi na picha za kuvutia. Mimi nilishika modeli ya tabaka moja: maji ya moto juu, maji baridi yaliyotulia chini, na themoklaini, yaani pale joto linaposhuka ghafla, ikiwa mpaka wao. Msomi mmoja mwenye jina aliiita mchezo wa watoto mbele ya watu. Neno lile bado linanichoma.

Hebu piga hesabu. Maji ya juu ni mepesi kuliko ya chini kwa kama nusu asilimia. Chukua 0.005, zidisha kwa 9.8 ya mvutano wa dunia, kisha kwa unene wa tabaka, tuseme mita 150, halafu tafuta kipeuo cha pili. Unapata kama mita 2.7 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya wimbi la Kelvin, yaani wimbi refu la themoklaini linaloelekea mashariki kwenye ikweta, nalo huvuka Pasifiki kwa takriban miezi miwili. Upepo ukilegea magharibi leo, pwani ya Peru itapata habari baadaye. El Niño nyingi huanza kujijenga hivyo, na mchezo wa watoto umekuonyesha!

Nilipokuja kuendesha modeli kubwa, maji ya mashariki yalitoka baridi kupita kiasi. Wengine walihangaika na vigezo vya uchanganyikaji wa maji. Mimi nilitazama kina cha themoklaini, nikaona imepanda mno, nikaufuata upepo tulioingiza: ulikuwa mkali kuliko uliopimwa. Makala iliyokubaliwa ilizaliwa hapo.

Ndugu zangu, tropiki ina kanuni zake. Kwenye ikweta nguvu ya Coriolis ya mlalo, ile inayopinda mikondo kwa sababu dunia inazunguka, ni sifuri, kwa hiyo ile njia ya kukadiria mkondo kutokana na mwinamo wa uso wa bahari inakwama. Msibebe mazoea ya bahari za kaskazini mkayatua huku. Heshimuni upepo. Heshimuni tabaka moja kabla ya kutamani arobaini.

Ukishaendesha modeli yako, chora kina ambapo maji yana nyuzi 20 za Selsiasi kwenye ikweta, kama alama ya themoklaini, longitudo ikilala na muda ukisimama. Tafuta mistari ya mshazari inayoelekea mashariki. Isipoonekana, usiguse vigezo vya joto. Rudi kwenye faili la upepo.