Tumeshinda mara tatu, mbona tumeachwa?

SWALI: Mashindano yetu ya mdahalo yalikuwa na timu 32, raundi 5, kisha robo fainali. Tulishinda mara 3 tukaachwa, ilhali wenzetu wawili wenye 3 walipita. Tena raundi ya 4 tulipangwa na timu iliyotuzidi ushindi mmoja. Je, droo ilikuwa na upendeleo?

JIBU: La kwanza ni hesabu tu. Timu zenye ushindi sawa zikikutanishwa kila raundi, na sare hairuhusiwi, timu 32 humaliza raundi 5 hivi: moja ina ushindi 5, tano zina 4, kumi zina 3. Sita za juu zimeshapita. Nafasi 2 zinabaki kwa timu 10, kwa hiyo nane lazima ziachwe. Cha kuuliza ni kipimo gani kiliwatenga. Kwa kawaida ni jumla ya alama za wasemaji, na ndipo penye kasoro: jaji mmoja hutoa 72 kwa hotuba ambayo mwenzake angeipa 76. Timu ya wasemaji wawili imeshapoteza 8 katika raundi moja, na huenda waliowapita waliwazidi kwa 2. Dawa yake ni kuwasomea majaji kiwango kimoja kabla ya kuanza, na kuondoa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa ya kila timu kabla ya kujumlisha.

La pili lina uzito zaidi. Timu zikiwa 32, makundi ya ushindi huwa shufwa kabla ya kila raundi. Kabla ya raundi ya 4 huwa 4, 12, 12 na 4, kwa hiyo hakuna timu inayobaki bila mwenzake. Mkiona mmepandishwa, yaani mmepangwa na timu ya kundi la juu yenu, ipo sababu nyingine. Pengine timu ilijitoa. Mara nyingi zaidi ni pande: aliyeunga mkono hoja raundi ya 3 anatakiwa kupinga raundi ya 4. Katika kundi la 12 wakitokea 7 wanaotakiwa kuunga mkono na 5 wa kupinga, wapinzani 2 huvutwa kutoka kundi la chini. (Hapo ile hesabu ya 1, 5, 10 nayo huyumba kidogo.)

Kuvutwa kwenyewe si dhuluma. Dhuluma ni mpangaji wa droo kuchagua kwa jicho. Kanuni iandikwe kabla ya raundi ya kwanza: avutwe nani, aliyekutana na wapinzani dhaifu zaidi au kwa kura, na asivutwe mtu mara mbili. Sisi tunapendelea ya kwanza, maana hufidia ratiba nyepesi.

Ombeni karatasi za matokeo za raundi ya 3 na orodha ya pande. Wahesabuni waliotakiwa kupinga na waliotakiwa kuunga mkono katika kundi lililokuwa juu yenu. Pande zikiwa sawa (6 kwa 6 katika kundi la 12, au 2 kwa 2 katika kundi la 4), na hakuna aliyejitoa, mwambieni mpangaji aeleze kwa maandishi.