Meza na Kaunta: Asali inayoganda, vinywaji vinavyochelewa na maswali mengine ya wasomaji

Habari zenu wahariri. Mkahawa wa mtaani kwetu hapa Kilimani, Nairobi, huleta dawa, ile kokteli ya vodka, ndimu na asali, laini na tamu mpaka tone la mwisho. Nikijitengenezea nyumbani, asali hushikana chini ya glasi kama gundi na kinywaji kinabaki kichungu. Nakosea wapi?

Hayo ni makosa mawili tofauti, ndugu msomaji. Tuanze na asali. Ukiimwaga juu ya barafu hukakamaa papo hapo, na hata ukoroge vipi haitachanganyika. Dawa ilivyozoeleka tangu ilipopata umaarufu kwenye mgahawa wa Carnivore, hapo hapo Nairobi, haimwagiwi asali kabisa. Asali nzito huzungushwa kwenye kijiti, kijiti kikachomekwa kwenye glasi, na mnywaji mwenyewe akakoroga na kuponda ndimu kadiri anavyokunywa. Ndiyo maana huanza kali na kumalizika tamu. Kijiti si pambo, basi. Anayekitoa na kukiweka mezani anakunywa vodka na ndimu tu.

Ukitaka utamu ulingane tangu mwanzo, geuza asali iwe shira: vipimo viwili vya asali kwa kimoja cha maji ya uvuguvugu, koroga mpaka iwe moja. Maji yasichemke, yataifukuza harufu ya asali. Shira hiyo huchanganyika hata kwenye baridi.

Uchungu unatoka kwenye ndimu, na hasa kwenye mkono wako. Ndani ya ganda kuna nyama nyeupe. Ukiitwanga kwa nguvu inatoa uchungu ambao hakuna asali itakayoufunika. Bingirisha ndimu mezani kwanza, ikate vipande vinane, na utoe ule uzi mweupe wa katikati. Tia vipande vya ndimu moja kwenye glasi fupi nzito pamoja na kijiko kimoja cha chai cha sukari ya kahawia. Kandamiza kwa mchi mdogo mara tano au sita, kisha uache. Chembe za sukari husugua ganda na kutoa mafuta yake yenye harufu nzuri, kwa hiyo usianze na sukari iliyokwisha kuyeyushwa. Ongeza mililita 60 za vodka, jaza barafu iliyopondwa, kisha kijiti chenye asali au mililita 25 za shira. Barafu ifunge kwa kitambaa safi uigonge kwa mchi. Ikiwa imekaa kwenye friza wazi karibu na samaki, itupe: barafu hushika harufu, na ikiyeyuka inaitoa yote ndani ya glasi.

Jambo moja dogo: ukiagiza dawa kwenye mgahawa wa kahawa, huenda ukaletewa ile ya moto ya limau, tangawizi na asali isiyo na kilevi. Taja unayoitaka.

Habari za kazi. Nina mgahawa mdogo wenye baa Mikocheni, Dar es Salaam, meza 14, na mtu mmoja wa kaunta. Ijumaa jioni kokteli zinafika mezani chakula kikiwa kimeshapoa. Tena wateja wengi wanataka dawa ya Konyagi badala ya vodka. Nifanyeje?

Tunaanza na orodha yako ya vinywaji, maana mara nyingi tatizo limejificha humo. Mtu mmoja wa kaunta hawezi kubeba kokteli ishirini. Weka sita, zinazotumia ndimu zile zile, shira zile zile na glasi za aina mbili tu. Mteja hatalalamika kwamba orodha ni fupi. Atalalamika akikaa nusu saa na glasi ya maji.

Kisha changanya mapema kila kisichoharibika. Kwa glasi 20 za dawa, tia kwenye chupa safi lita 1.2 za vodka na mililita 500 za shira ya asali, weka kwenye friji. Mteja akiagiza, kaunta inakandamiza ndimu na sukari, inapima mililita 85 kutoka kwenye chupa, barafu, kwisha. Chupa itikiswe kila mara kabla ya kumimina, kwa sababu shira ni nzito na hutuama chini: asipotikisa, wa kwanza atapata pombe kali na wa mwisho atapata sharubati. Maji ya ndimu yasiingie kwenye chupa hiyo kamwe. Kamua saa kumi jioni, tumia mpaka kufunga, yanayobaki mwaga. Ya jana yana ladha bapa na uchungu kidogo, na mnywaji huisikia hata kama hajui inatoka wapi.

Konyagi ina nguvu ya asilimia 35, vodka nyingi ni 40. Ili kinywaji kisipwaye, mililita 60 za vodka ziwe 70 za Konyagi, na shira ipungue kidogo, labda 20, kwa kuwa Konyagi ina harufu yake yenyewe ambayo utamu mwingi huiziba. Toti ya chuma ipime kwa maji kwanza ujue inabeba mililita ngapi hasa, maana zinatofautiana. Kumimina kwa jicho kunakula faida yako na kuvuruga ladha kwa pamoja.

Jikoni nako, wafundishe wahudumu wachukue oda ya kitafunwa pamoja na ya kinywaji: mihogo ya kukaanga, mishkaki miwili, pweza wa kuchoma. Chumvi na mafuta hutulizwa na ukali wa ndimu, na mteja hanywi tumbo tupu. Pilipili ipunguzwe kwenye sahani hiyo ya kwanza. Kilevi kikali huongeza mwasho wake mdomoni, na wengi hukimbilia glasi ya pili wakidhani inapoza.

Mimi ni msomaji wa Tanga. Kokteli yangu ya nanasi na tui la nazi inatoa vipande vyeupe kama nta ya mshumaa. Nazi imeharibika?

Hapana. Mafuta ya nazi huganda kwenye joto la chini ya nyuzi 24 hivi, na tui zito likikutana na barafu ndicho kinachotokea. Tumia tui jepesi, lichanganye kwanza na shira na nanasi kwenye blenda, barafu iingie mwisho, na unywe mara moja.

Asalaam aleikum. Nakaribisha wageni kumi Mombasa kwa samaki wa kupaka, na hakuna anayekunywa pombe. Nimechoka kuwapa soda.

Waalaikum salaam, dada yetu. Samaki wa kupaka ana tui na mafuta, kwa hiyo anataka kinywaji kichachu chenye mwasho. Pombe huleta joto kooni. Tangawizi itaishika nafasi hiyo.

Chemsha gramu 250 za sukari, mililita 250 za maji na gramu 60 za tangawizi iliyokatwa nyembamba. Sukari ikiyeyuka epua, funika nusu saa, chuja. Pembeni loweka gramu 200 za ukwaju kwenye lita moja ya maji ya moto kwa nusu saa, fikicha, chuja. Kila glasi ipate mililita 45 za ukwaju, 25 za shira ya tangawizi, chembe ya chumvi na barafu kubwa, kisha mililita 90 za maji ya soda yaliyopoa sana. Soda iingie mwisho na ikorogwe mara moja tu, maana ukiitikisa gesi yote inapotea. Onja kabla ya wageni kufika: ukwaju wa dukani hutofautiana mno kwa uchachu, na glasi ya kwanza ndiyo itakayokuambia kama shira iongezwe.