Maziwa Hayaondoi Sumu Tumboni mwa Mbwa

Swali: Juzi usiku mbwa wangu alikula vipande vya bluu vya sumu ya panya. Nilimnywesha maziwa nusu lita, na leo anacheza kama kawaida. Je, amepona? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Kucheza kwake si ushahidi wa kupona. Vipande vya aina hiyo mara nyingi huwa na bromadioloni au brodifakumu, ambazo huzuia ini kuitumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu. Na kwa kuwa protini zilizokuwemo huchukua muda kwisha, dalili huchelewa siku 3 hadi 5, ndipo ufizi hupauka na damu huvujia kifuani pasipo mtu kuiona. Mpeleke leo hii kwa daktari wa mifugo, na pakiti ya sumu uibebe. Akianzishiwa vitamini K1 mapema, matumaini ni makubwa, ila dawa hutolewa kwa wiki kadhaa, wala haikatishwi kwa sababu mbwa amechangamka.

Kinachonisikitisha ni hayo maziwa. Mbwa wengi ninaoletewa huwa wamekwisha kunyweshwa maziwa, mafuta ya kupikia au mkaa wa jikoni uliotwangwa, na saa zilizohitajika kuwaokoa zimepotea. Dawa nyingi za kuogeshea mifugo huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo mafuta hayo huweza kuisaidia sumu kupenya mwilini. Fosfidi ya zinki nayo, ambayo ni sumu nyingine ya panya, ikikutana na asidi ya tumbo, hutoa gesi ya fosfini, na mbwa akiitapika ndani ya chumba humdhuru hata anayemhudumia. Mkaa wa jikoni si ule mkaa maalumu tunaoutumia hospitalini.

Wapo pia wanaohimiza maji ya chumvi ili mbwa atapike. Mafuta ya taa yakitapikwa huingia mapafuni, maji ya betri huunguza koo mara ya pili, na chumvi yenyewe ikizidi huua. Kutapisha hufaa kwa sumu fulani tu, kwa kawaida ndani ya saa 2 za mwanzo, na mwamuzi ni daktari.

Mchuuzi anayekuuzia sumu katika karatasi isiyo na jina, kisha akakuhakikishia kwamba maziwa ndiyo tiba yake, usinunue kwake. Atropini inayomwokoa mbwa anayetokwa na udenda na kubanwa kifua kwa dawa ya wadudu haimsaidii anayevuja damu, na daktari asiyejua kilichomezwa hulazimika kukisia.