Muulize Fundi: Jina Lilelile, Gari Lingine

SWALI: Shikamoo Fundi. Nilijifunzia gari kwenye Corolla ya mwaka 1993 iliyotoka Japani, na sijawahi kuendesha jingine hadi juzi tuliponunua Corolla mpya. Sasa kwenye maegesho yaleyale niliyoyazoea nafungua mlango nusu na kutoka kiubavuubavu. Ni macho yangu au ni gari? Halafu mume wangu analalamika kwamba tungechukua SUV kubwa kabisa, kwa usalama wa watoto. Ni kweli?
Mama wa wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Macho yako hayana neno. Ile ya zamani ilikuwa na urefu wa mita 4.27 hivi na upana wa mita 1.685. Sedani ya sasa inayouzwa nje ya Japani ina mita 4.63 kwa 1.78. Mistari ya maegesho haikusogezwa, kwa hiyo zile karibu sentimita 10 za upana umezilipa wewe kwa kubana tumbo.

Na ule wembamba wa zamani haukuja hivihivi. Japani gari likizidi upana wa mita 1.7 linatolewa kwenye daraja la magari madogo, ndiyo maana wabunifu walilibana chini ya hapo miaka na miaka. Hata umbo jipya lilipotoka mwaka 2019, Toyota waliwatengenezea watu wa kwao toleo jembamba zaidi la mita 1.745, ingawa nalo limeupita kidogo mpaka huo. Kumbe wakitaka wanaweza!

Ukitaka kujua unene umetoka wapi, bandua kava la ndani la mlango. Mlango wa zamani ulikuwa bati mbili, kioo na mkono wa kuzungusha, basi. Nilikuwa naung'oa na kuubeba peke yangu. Wa leo una mhimili wa chuma wa kukukinga ukigongwa ubavuni, mota ya kioo, spika na fungu la nyaya. Siku hizi namwita kijana anishikie upande wa pili. Nguzo za kioo cha mbele nazo zimenenepa ili paa lisikulalie gari likipinduka. Kwa hayo sina ugomvi. Tangu mwaka 1997 Euro NCAP, shirika la Ulaya la kupima usalama wa magari, wanagongesha magari mapya na kutangaza matokeo hadharani, na hakuna kiwanda kinachotaka kuaibishwa.

Shida ni kwamba uzito huzaa uzito. Bodi nzito inataka breki kubwa, breki kubwa haziingii kwenye ringi ndogo, ringi kubwa zinataka matairi mapana, kisha springi nene, kisha injini ya kuvuta mzigo wote huo. Juu yake kuna biashara tupu. Marekani, kwa mfano, sheria ya matumizi ya mafuta iliyapa magari ya kundi la malori mepesi masharti laini kuliko sedani, na SUV nyingi zikahesabiwa humo. Viwanda vikafuata mlango uliokuwa wazi.

Sasa mumeo. Ana nusu ya ukweli. Gari la kilo 1,000 na la kilo 2,000 yakivaana uso kwa uso, kila moja likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, kubwa linalisukuma dogo kurudi nyuma. Mwendo wa dogo unabadilika ghafla kwa kilomita 67 hivi kwa saa, wa kubwa kwa 33. Nafuu uliyoipata wewe imetoka kwa mwenzako. Lakini ukigonga ukuta peke yako, uzito haukusaidii kitu, maana huo uzito wote unakuja nao. Hapo kinachokuokoa ni bodi inayojikunja mahali panapostahili, mkanda na mifuko ya hewa.

Na mwulize, watoto wanapita wapi wakishashuka? IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani, ilionyesha mwaka 2023 kwamba magari yenye boneti iliyo juu zaidi ya mita 1 hivi yana uwezekano wa kumuua mtembea kwa miguu yanayemgonga unaozidi kwa asilimia 45 hivi ule wa magari yenye boneti iliyoinama, isiyozidi sentimita 76. Mtoto mdogo aliyesimama mbele ya ile boneti ya juu, dereva anaweza asimwone kabisa. Bakini na Corolla, na pale kwenye maegesho ingia kinyumenyume, ukiacha nafasi zaidi upande wa dereva.

SWALI: Fundi, gari langu la umeme limemaliza matairi mapema kuliko la petroli nililokuwa nalo. Nimeuziwa matairi mabovu?

JIBU: Huenda hayana kosa. Betri pekee ni mamia ya kilo. Kwenye GMC Hummer ya umeme ni kilo 1,300 hivi, na gari zima linapita kilo 4,000. Tena mota inatoa nguvu papo hapo ukigusa pedali, na vyote viwili hula matairi. Ila hakikisha yanauweza uzito huo: angalia namba iliyo ubavuni mwa tairi, baada ya kipimo cha ringi. Ukikuta 91, maana yake tairi hilo moja linabeba hadi kilo 615. Linganisha na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kama aliyekufungia ameweka namba ndogo kuliko ya hapo, mrudishie leo hii, na upepo upime matairi yakiwa ya baridi.